Tundu la Kaskazini Saba

Siku ambayo Mzee Feruzi hakuitika ilikuwa siku ya Mwito, kwa hiyo jengo zima lilisikia.

Mwitaji Maulidi alisimama uani kama ilivyo ada, kipaza sauti mkononi, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Aliita fleti moja baada ya nyingine, na kwenye kila dirisha la jikoni mwenye fleti alijibu kama sheria inavyotaka, kwa kinywa chake mwenyewe: "Nipo, na kuta zipo!" Wengine walijibu huku wanatafuna. Mmoja alijibu na povu la mswaki mdomoni, akaambiwa arudie.

"Kaskazini Saba!"

Kimya.

"Kaskazini Saba! Mzee Feruzi!"

Bi Mashavu, mkewe, alikuwa jikoni, amesimama mbele ya tundu lililokuwa kwenye ukuta kati ya jiko na sebule. Kupitia tundu hilo alikuwa akimwona mumewe kitandani. Alisubiri ile sauti ipite mbele ya uso wake, ivuke jiko, itoke dirishani ishuke uani, kama ilivyofanya kila Mwito tangu mzee alipoacha kutembea. Mzee Feruzi alikuwa amegeukia upande wake. Mkono mmoja ulikuwa umening'inia nje ya shuka, na kobazi moja ilikuwa imepinduka chini yake.

"Kaskazini Saba, kwa mara ya mwisho!"

Bi Mashavu alizima jiko. Birika lilikuwa bado linatoa mvuke alipozunguka mlangoni kwenda upande wa pili.

Huko chini Mwitaji alingoja kadiri utaratibu unavyomruhusu, kisha akaandika neno moja: Hakuitika. Halafu akaita, "Lifti!" Lifti nayo haikuitika, lakini hiyo haikuwa habari mpya.

Mchana ngazi zilijaa majirani. Mwitaji Maulidi naye alipanda, kipaza sauti kwapani, kofia mkononi.

"Pole sana, shangazi. Mzee wetu alikuwa mtu wa watu."

"Tumeshapoa, baba."

"Sasa, shangazi, naona haya kulisema leo. Nimeshaandika Hakuitika. Ningejua kafariki, ningeandika Amefariki. Na kalamu ya serikali haina kifutio."

"Tofauti yake nini?"

Mwitaji aliikunja kofia yake, akaikunjua.

"Aliyefariki amepumzika, shangazi. Asiyeitika anatafutwa."

*

Nchi yenyewe hatutaitaja jina, kwa kuwa kibali cha kulitaja kimekwisha muda na kipya bado kiko mezani kwa mtu. Inatosha kusema kwamba ni nchi ya amani na utaratibu, na kwamba ndani yake hakuna mtu mwenye nyumba. Kila kitu ni cha Mheshimiwa Mpangishaji Mkuu: ardhi, majengo, madaraja, na kivuli cha madaraja. Raia hanunui nyumba. Ananunua miaka ya kukaa ndani yake, na miaka hiyo inakwisha kidogo kidogo kama sabuni. Mheshimiwa mwenyewe hajipendelei. Ikulu anaipanga kutoka kwake mwenyewe, na kila anapotaka ridhaa ya kubadilisha pazia hujiandikia ombi, kisha hujingojesha sawasawa na raia mwingine yeyote. Ndiyo maana mambo mengi ya nchi huchelewa.

Mtu akitaka kuhama anaruhusiwa kuuza miaka iliyobaki, mradi kuta ziwe kama zilivyokuwa siku alipoingia, na mhuri wa mauzo humwongezea mnunuzi miaka mipya. Lakini miaka ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, fleti haiuzwi tena wala hairithiwi. Inarudi kwa Mheshimiwa, na aliyekuwa ndani anatoka na kile kinachoingia kwenye mfuko. Kaskazini Saba ilikuwa inashuka chini ya kiwango Mwito wa mwisho wa mwaka.

Bi Mashavu alitoka eda mwaka ukiwa umebakiza kipande. Magoti yake yalikuwa yameanza kugoma. Akishuka sokoni asubuhi, alikuwa anapanda kwa vituo: kituo cha kwanza kwa fundi redio, cha pili kwenye ndoo ya mchanga wa zimamoto, cha tatu popote pumzi ilipoamua. Mdogo wake, Shuweni, aliyekaa ng'ambo ya reli, alikuwa ameshamtengea kiwanja nyuma ya nyumba yake.

"Uza hiyo dari yako uje ujenge chumba hapa, dada," Shuweni alimwambia. "Chumba cha chini, mlango unafunguka uani. Ukitaka kuondoka, unaondoka tu. Ukikawia, hiyo fleti watakunyang'anya, na mimi huku nimejaa. Utalala wapi, juu ya mnazi?"

Mnunuzi alipatikana upesi. Aliitwa Nuru Kachenje, fundi cherehani wa sare za shule, mama wa pacha. Aliingia jikoni, akainama, akachungulia kwenye tundu, akaiona sebule yote.

"Lo! Bi Mashavu, hapa nitashona huku nikiwaona hawa majambazi wangu wanavyobomoa nyumba. Nani alikutobolea?"

"Mzee."

"Mungu amrehemu. Alikuwa fundi?"

"Alikuwa karani wa bandari. Ndiyo maana limepinda."

*

Mauzo hayaendi bila Mkaguzi wa Kuta. Alikuja Bi Fidea, binti mwenye viatu visivyotoa sauti na utepe wa kupimia kiunoni. Alikuja siku moja kabla ya siku aliyosema, ili kuta zisipate muda wa kujiandaa. Akapima sebule, akapima chumba, akafika jikoni. Akasimama.

"Mama, hiki ni nini?"

"Tundu."

"Naona ni tundu. Nauliza linafanya nini hapa."

"Lilikuwa linapitisha sauti ya mume wangu. Miguu ilikataa, kitanda tukakiweka sebuleni, na sebuleni ukisema, uani hawasikii. Sheria inataka aitike kwa kinywa chake. Akaomba nyundo na patasi. Alitoboa akiwa amekaa kitandani, wiki nzima, mimi nafagia."

Bi Fidea alifumba macho kama mtu anayepiga hesabu ngumu.

"Kwa hiyo alitoboa ukuta ili aweze kutangaza kwamba kuta zipo."

Bi Mashavu hakuwa amewahi kulitazama jambo kwa upande huo.

"Ndiyo, mwanangu."

"Na akatangaza kupitia hilo hilo tundu."

"Hakukosa Mwito hata mmoja."

"Hilo sasa, mama, ni kosa la kujirudia."

Akatoa utepe alipime. Utepe ukapita ukatokea upande wa pili, ukakosa pa kushika. Akajaribu tena akiuma ulimi. Kisha akatoa kibandiko chekundu cha wizara, kilichoandikwa MALI INAYOCHUNGUZWA, akataka kukibandika juu ya tundu. Tundu halikuwa na kitu cha kubandikwa. Kibandiko kikaanguka sebuleni. Bi Fidea akazunguka, akakiokota, akatazama huku na huko, na kwa kuwa kanuni zinataka kibandikwe kabla Mkaguzi hajaondoka, akambandika Bi Mashavu begani.

"Usikitoe," alisema, si kwa ubaya. "Mpaka shauri lisikilizwe, wewe ndiye tundu."

Alipokuwa akishuka alisimama mlango kwa mlango kuwapongeza majirani. Hakuwa ameona, alisema, jengo lenye uzalendo kama hili, ambalo kila fleti ina picha kubwa hivyo ya Mheshimiwa, tena ukuta ule ule wa jikoni.

Mwitaji Maulidi alipanda mbio, jasho linamtoka.

"Shangazi! Picha ya Mheshimiwa iko wapi?"

"Chini ya kitanda. Mzee alijaribu kuiacha ukutani juu ya tundu, sauti haikupita."

Mwitaji alijishika kichwa. Akashusha sauti mpaka ikabaki pumzi.

"Unafikiri huko kwa wengine kuna kuta? Jengo hili lote ni chujio, shangazi. Watu wanapitishiana chumvi. Lakini nani atathubutu kumwinua Mheshimiwa atazame nyuma yake? Ungetundika tu!"

*

Mkurugenzi wa Kuta aliitwa Bwana Ambokile. Meza yake ilikuwa pana kiasi kwamba karatasi zilisukumwa kwa fimbo. Bi Mashavu alikaa mbele yake na kibandiko chake begani, na nyuma yake alikaa Nuru Kachenje, aliyekuja kama mnunuzi na aliyekuwa bado na pini kwenye ukosi.

"Ndugu raia," alianza Mkurugenzi, ingawa walikuwa watatu tu, "taifa ni nini? Taifa ni kuta. Ondoa kuta, utabaki na nini? Utabaki na upepo na majirani. Waasisi wetu hawakumwaga jasho ili kila mwenye nyundo ajiamulie mahali pa kuanzia nje na mahali pa kuishia ndani. Leo ni tundu la sauti. Kesho ni tundu la mkono. Keshokutwa, ndugu raia, mtu mzima atapita!"

Alikunywa maji. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kwamba ukuta lazima urudi ulivyokuwa kabla ya Mwito wa mwisho wa mwaka, vinginevyo mauzo hayapo. Miaka ikishuka chini ya kiwango mauzo hayapo, fleti inarudi kwa Mheshimiwa. Na kwa mujibu wa kanuni, azibe aliyetoboa.

"Aliyetoboa amefariki, Mheshimiwa," alisema Bi Mashavu.

"Kumbukumbu zetu zinasema hakuitika."

"Hakuitika kwa sababu amefariki."

"Mama, mimi siwezi kuingilia sababu za mtu. Akipatikana, mwambie aje na tofali." Alimtazama kidogo, na labda aliona kitu usoni mwake, kwa maana aliongeza haraka, "Au fundi aliyesajiliwa. Nakubali fundi aliyesajiliwa."

Kwenye ngazi za wizara Nuru alimshika mkono.

"Tofali chache tu, Bi Mashavu. Mimi nalipenda hilo tundu, nisikufiche, lakini kaya yangu yote imeshafungwa kwenye maboksi. Mwenye nyumba ninapokaa ameshapata mtu mwingine. Siku ya Mwito ikipita, mimi na wanangu tuko barazani kwa watu, na wewe uko barazani kwa watu wengine."

"Najua, mwanangu. Nitaziba."

*

Fundi Chande alikuja na tofali, ndoo ya udongo na redio ndogo. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na alipenda kufanya kazi huku anaongea. Alikaa upande wa sebuleni, mahali penye alama nne za miguu ya kitanda, na Bi Mashavu alikaa jikoni akimpa maji.

"Nasikia mzee alikuwa na sauti," alisema fundi akipanga mstari wa kwanza.

"Alikuwa nayo."

"Mimi nilikuwa nikipita huko chini siku ya Mwito namsikia. Nasema, huyu mgonjwa gani? Wazima wanaitika kama kuku wa mdondo, yeye kama adhana."

Mstari wa pili ulipanda. Bi Mashavu aliona kidevu cha fundi kikipotea.

"Alikuwa anajiandaa tangu asubuhi," alisema. "Ananiambia, Mashavu, nipe maji ya moto nisafishe koo, leo naenda kazini. Kisha akishaitika ananiuliza, imefika? Mimi namwambia imefika, Maulidi ameruka. Anacheka mpaka anakohoa."

Fundi alicheka naye. Lakini kicheko kilifika kimepungua, kama kinatoka chumba cha jirani. Mstari wa tatu ulikuwa umekaa. Sasa yalibaki macho ya fundi na kofia yake.

"Bi mkubwa, nipe hilo koleo dogo!" Sauti ilikuwa ya mtu aliyezibwa na blanketi.

Bi Mashavu hakumpa. Alikuwa ameinama, uso karibu na udongo mbichi, anatafuta pembe ambayo kwa miezi yote ile ilimwonyesha mto wa kitanda. Pembe haikuwepo. Redio ya fundi ilikuwa inaimba, naye hakuyasikia maneno.

"Fundi."

"Naam?"

"Toa."

"Nitoe nini?"

"Toa tofali. Zote. Kabla hazijakauka."

Fundi Chande alizunguka akaja jikoni, mikono imejaa udongo, amtazame vizuri.

"Bi mkubwa, Mwito ni keshokutwa. Mimi nikitoa hizi, utapata fundi mwingine wapi? Watakuchukulia fleti yote. Kwa ajili ya tundu!"

"Nalijua unalolisema. Toa."

Alitoa moja moja, anazipanga sakafuni. Alipoondoka alisahau redio yake, akarudi kuichukua, akasimama mlangoni.

"Na yule mama wa pacha utamwambiaje?"

Hilo ndilo lililomkosesha Bi Mashavu usingizi.

*

Alimwambia ukweli, kwenye benchi la wizara, siku moja kabla ya Mwito, huku karani akipita na mhuri mkononi kutangaza kwamba milango itafungwa adhuhuri kwa ajili ya mazoezi ya gwaride la kuta. Nuru alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alichomoa pini kwenye ukosi wake akairudisha mahali pale pale.

"Basi tumekwisha," alisema.

"Bado hatujaingia."

Bwana Ambokile alikuwa ameshavaa sare ya gwaride, na kofia yenye umbo la tofali ilikuwa juu ya meza. Alisoma taarifa ya Bi Fidea, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kikazi.

"Ukuta haujarudi. Basi, mama. Nasaini urejeshwaji."

"Naomba kuuliza jambo moja, Mheshimiwa, kabla ya kalamu." Sauti ya Bi Mashavu ilikuwa ndogo, na ilibidi Mkurugenzi aegemee meza ili aisikie. "Mimi nina miaka ya kuta, dari na sakafu. Ndivyo tulivyouziwa. Hilo tundu ni ukuta?"

"Si ukuta! Ndilo kosa lake."

"Ni dari?"

"Si dari wala sakafu."

"Basi halimo katika nilichouziwa. Ni la nani?"

"La Mheshimiwa Mpangishaji Mkuu," alisema Bwana Ambokile kwa fahari, "kama kila kitu kisicho cha mtu."

"Na nani amelipanga?"

Mkurugenzi alivuta karatasi kwa fimbo, akaigeuza, akavuta nyingine. Ni lazima msomaji aelewe kwamba katika nchi ile hakuna aibu kubwa kuliko mali ya Mheshimiwa iliyolala bila mpangaji. Aliyemtangulia Bwana Ambokile kwenye kiti kile aliondolewa kwa sababu ya kivuli cha daraja moja kilichokutwa hakina mtu, na siku hizi anauza karanga chini ya kivuli hicho hicho, kwa mkataba.

"Tangu lini liko wazi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imekosa taifa ndani yake.

"Tangu mzee alipotoboa, Mheshimiwa. Mkaguzi wako amelishuhudia. Ameandika."

Nje ngoma za gwaride zilianza. Karani alichungulia kusema wakati umekwisha, akafukuzwa. Bwana Ambokile alipangusa paji la uso kwa ukosi wa sare.

"Lizibwe leo. Nitamtuma fundi mimi mwenyewe!"

"Kuharibu mali ya Mheshimiwa?" aliuliza Nuru taratibu kutoka nyuma.

Bi Mashavu aliyatazama mafundo ya mikono yake, kisha akayainua macho.

"Nipangishe mimi," alisema.

"Nini?"

"Hilo tundu. Fleti niruhusu nimuuzie huyu binti, kuta zake zote. Tundu nipangishe mimi. Hutakuwa na kitu kilicholala."

Katika historia ya wizara hakuna raia aliyewahi kuomba kupangishwa kitu kabla hajalazimishwa. Bwana Ambokile alisimama, akakaa, akasimama tena. Alianza kuiona mbele yake Idara ya Matundu, yenye mlango wake, gari lake na mkurugenzi wake mkuu.

"Wewe mnunuzi, utakubali kukaa na tundu la mtu mwingine katikati ya nyumba yako?"

"Nina pacha na mama mkwe, Mheshimiwa. Tundu halili."

"Lakini sheria ni sheria. Mpangaji lazima aitike kwa kinywa chake, akiwa ndani ya mali. Mama, utaingiaje ndani ya tundu?"

"Kichwa kinapita."

Mkurugenzi alifikiri kwa uzito unaostahili.

"Kinywa kiko kichwani," alisema hatimaye. "Kinatosha."

Akapiga mhuri wa tundu, kisha mhuri wa fleti, na kwa kuwa alikuwa amevaa kofia ya tofali kwa haraka ya gwaride, akapiga wa pili akiwa haoni vizuri, lakini ulishika. Halafu akamtoa Bi Mashavu kibandiko begani kwa mkono wake mwenyewe. Palibaki alama ya gundi kwenye buibui.

*

Idara ya Matundu ina jengo lake sasa, na inasemekana wafanyakazi wake wamepewa picha kubwa za Mheshimiwa za kutundika ukutani. Mzee Feruzi bado anatafutwa. Kila baada ya muda huja mtu kwa Shuweni, ng'ambo ya reli, kuuliza kama amepatikana, na Bi Mashavu humkaribisha kiti kwenye mlango wa chumba chake kipya, humwambia bado.

Siku ya Mwito anavuka reli asubuhi mapema. Anapanda kwa vituo vyake vile vile, anamsalimia fundi redio, anakaa kwenye ndoo ya mchanga. Juu, Nuru Kachenje anakuwa ameshamwekea kiti sebuleni, juu ya zile alama nne, na pacha wamekatazwa kukikalia. Anapewa maji ya moto, anasafisha koo.

Uani Mwitaji Maulidi anaita, "Kaskazini Saba!" na Nuru anajibu dirishani kwamba yupo, na kuta zipo. Kisha Mwitaji anageuza ukurasa.

"Kaskazini Saba, Tundu!"

Bi Mashavu anaingiza kichwa, na kwa kuwa sheria inakataza kusema uongo ndani ya mali ya Mheshimiwa, anaitika kwa sauti yote aliyonayo, ikivuka jiko na kutoka dirishani:

"Nipo, na ukuta haupo!"

Halafu Mwitaji anaita lifti.